Kadi ya Bukuru

Jumatatu, 4 Agosti

Faili la wanachama wa Kalemie limefika limevunjika herufi, kama kawaida. Kila mwenye jina la Kifaransa amekuja na vidudu. Hélène amekuwa HÃ©lÃ¨ne. André amekuwa AndrÃ©. Kompyuta ya ng'ambo inaandika kwa mpangilio mmoja, yetu inasoma kwa mwingine. Hakuna aliyekosea, ila hawakuambiana.

Ukilifungua faili kwa kuchagua mpangilio wenyewe, majina yote yananyooka mara moja. Dakika mbili. Mwaka wa kwanza sikujua, nikawa nasahihisha jina moja moja kwa mkono, na mwenyekiti wa umoja wetu akanisifu kikaoni kwa bidii. Sasa najua. Leo nimemaliza saa tatu asubuhi, nikamwambia mwenyekiti nimemaliza saa saba mchana. Sifa hazirudishwi.

Mstari wa mwisho ukurasa wa pili: Bukuru Hamisi, Kalemie. Ombi la safari kuja Kigoma, Alhamisi tarehe 21.

Nimeusoma mara nne. Herufi zake hazikuvunjika hata moja.

Pacha wangu. Miaka kumi na moja.

Jumatano, 6 Agosti

Programu mpya imeanza kusafisha orodha. Ndivyo wanavyoita wenyewe, kusafisha: aliyeandikwa mara mbili anabaki mmoja. Mimi ndiye niliyeitafsiri kwa Kiswahili, maneno yote, mpaka yale ya kuomba radhi. Inaomba radhi sana programu hii. Imetengenezwa nchi ya baridi.

Umoja wetu una wanachama pande zote mbili za ziwa: wachuuzi, wauza dagaa, watu wenye ndugu ng'ambo. Ukiwa na kadi hai unapanda boti la umoja. Kadi ikifa, unabaki gatini na mzigo wako. Ndiyo maana wanaogopa kusafishwa.

Fundi wa huko anaitwa Tomas. Tunaandikiana kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Leo ameuliza kwa nini watu wengi wa Ujiji wamezaliwa tarehe moja Julai. Nimemjibu mwezi wa saba huku kuna ubaridi, wazazi hukaa ndani. Akajibu kwamba hesabu ya miezi tisa haikubali. Mtu makini. Ikabidi nimweleze ukweli: mtu asiyejua siku yake hupewa katikati ya mwaka, asionee upande wowote.

Nimempigia Bukuru. Ana kitochi, sauti tu, na mtandao wa kule unakatakata. Nimesikia "nakuja" mara tatu na "mama" mara mbili. Inatosha kwa siku.

Alhamisi, 7 Agosti

Vurugu. Mapacha wawili wa Kibirizi, wanaume wazima, waanika dagaa, wameingia ofisini wakinukia kazi yao. Kadi ya mmoja imekufa. Hawajui ya nani, kwa sababu walizichanganya mfukoni.

"Mwakeye, dada," wakaniamkia kwa Kiha. "Hebu tuambie, nimefutwa mimi au amefutwa huyu?"

Nikawatazama kwenye mashine. Aliyebaki ni Bukuru. Butoyi amemezwa ndani yake.

"Nilijua tu," Butoyi akasema. "Tangu tumboni ananikalia."

"Mashine imechagua mwenye sura nzuri, usilalamike."

Wakacheka, mimi sikucheka. Kabla ya adhuhuri zilikuja jozi nyingine tatu. Mmoja katoka Simbo kwa baiskeli. Wote Bukuru na Butoyi. Kwa vile huku mapacha hawatafutiwi majina, wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, basi, na kila mtaa unao wake. Kina Kiza, wanaozaliwa baada ya mapacha, wako salama wote. Kiza huja peke yake.

Nimeangalia kadi ya Bukuru wangu. Iko hai. Yangu pia. Programu haijafika herufi H ya baba yetu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeigundua. Nimekaa nayo siku mbili.

Kwao mtu mmoja anaweza kuwa na jina refu cheti kimoja na jina la mkato cheti kingine. Kwa hiyo programu inayo orodha ya majina yanayohesabiwa kuwa jina lile lile. Orodha hiyo inajiongeza yenyewe kwa kusoma watu. Ikasoma watu wetu. Ikakuta kila palipo na Bukuru kuna Butoyi, baba mmoja, mama mmoja, mtaa mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Ikahitimisha kwamba Butoyi ni jina la kubembelezea la Bukuru.

Kwa mtu asiyetoka huku, si ujinga. Ningekuwa mashine ningesema hivyo hivyo.

Nimemwandikia Tomas barua ndefu. Nimemweleza mapacha ni watu wawili. Sikutegemea maishani mwangu kumweleza mtu jambo hilo. Nimemwomba arekebishe kabla ya Jumatano ya tarehe 20, siku orodha ya abiria inapofungwa. Sikumwambia kwa nini tarehe 20.

Jumapili, 10 Agosti

Sina kazi. Moshi wa kuchoma nyasi umejaa ziwani, milima ya Congo haionekani. Mwezi wa nane wote huwa hivi. Ziwa linakuwa kama limekatwa, halina upande wa pili.

Nimempikia mama ugali wa muhogo na mgebuka kwa mawese. Amekula vizuri. Wiki iliyopita alinisahau kwa nusu saa, akaniamkia "karibu mgeni". Leo yuko timamu. Ameuliza, "Mwenzio anakuja na nguo za baridi?" Mama, Kalemie hakuna baridi kuliko hapa. "Usiniambie. Ng'ambo ni ng'ambo."

Ninamtaka Bukuru. Naliandika hivyo hivyo bila kulipamba. Simtaki kwa ajili ya mama tu. Namtaka ajibanze kwenye kochi hili upande wa ukutani, ambao kwa miaka kumi na moja sijawahi kuukalia, na si kwamba nimekatazwa na mtu.

Alimfuata mume. Mume akafa. Yeye akabaki na duka la vitenge na watoto wa mume. Kila mwaka kuna sababu: mara mgonjwa, mara njia imefungwa, mara kadi. Mwaka huu sababu zimeisha. Nimezihesabu zote, zimeisha.

Jumanne, 12 Agosti

Tomas amejibu. Kwanza ameuliza kama mapacha wangeweza kuandika saa ya kuzaliwa, ili watofautiane. Nimemwambia tarehe yenyewe tuliikisia, saa tutaitoa wapi. Na hata tukiipata, huku mtu akizaliwa saa mbili asubuhi kwenye programu yako anaandikwa saa nane. Utapata wazee waliozaliwa kabla ya ndugu zao wakubwa. Amecheka kwa maandishi.

Kisha akatoa dawa. Bukuru na Butoyi wanaondolewa kwenye orodha ya majina yanayofanana. Jozi zote zitafunguliwa usiku huu. Mashine itatazama picha. Picha zikiwa za watu wawili, kadi zote mbili zinabaki hai. Zikiwa za mtu mmoja, haifungui.

Akaandika: "Hata mapacha wanaofanana sana, mashine yetu inawatofautisha."

Nimemshukuru. Sikula mchana.

Jumatano, 13 Agosti

Jozi zote zimefunguliwa. Wale wa Kibirizi wameniletea dagaa sado nzima, wabichi, kwenye ofisi ya kompyuta. Mwenyekiti amenipa mkono mbele ya watu. Amesema nimewafundisha Wazungu kuhesabu.

Imebaki jozi moja. Imefungwa leo asubuhi, programu ilipofika kwa baba yetu. Butoyi Hamisi na Bukuru Hamisi. Maelezo: sura ni ya mtu mmoja. Chagua kumbukumbu ya kubaki. Kisha inaomba radhi. Radhi hiyo niliitafsiri mimi.

Nimewaambia watu kuna hitilafu ndogo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekuwa nikijificha hata kwenye daftari langu mwenyewe. Basi.

Mashine haikukosea. Ile picha ya Bukuru ni mimi.

Miaka minne iliyopita umoja uliandikisha watu kwa mara ya kwanza. Ndugu aliruhusiwa kumwandikisha ndugu. Picha ilitakiwa. Bukuru yuko ng'ambo, kitochi hakipigi picha, siku ya mwisho ni ile ile. Nikapiga yangu. Nikatoka nje, nikabadilisha mtandio, nikafunga wa kijani anaoupenda yeye, nikarudi nikakaa tena. Nikainua kidevu kama anavyoinua. Mpiga picha hakuuliza.

Wala sikuona ni kosa. Ndivyo tulivyokua. Mmoja akipimwa nguo, zinashonwa mbili. Mmoja akiumwa shule, wa pili anaitika majina yote mawili na mwalimu anaendelea. Sindano ya surua nilichomwa mara mbili mimi, kwa sababu yeye aliogopa. Uso ulikuwa wetu. Aliyekuwa karibu ndiye aliyeutumia.

Nani ningemweleza hayo? Tomas? Nimeandika mistari miwili nikaifuta. Kwa Kiingereza inasikika kama wizi. Kwa Kiswahili pia, nikiisoma polepole.

Jumamosi, 16 Agosti

Njia moja: kubadilisha picha. Mwanachama anaruhusiwa. Nimempigia Bukuru aende kwa jirani mwenye simu nzuri apigwe. Hakuuliza kwa nini. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Picha imeingia saa kumi.

Sikumtambua. Niandike tu. Kwa muda wa kama kuvuta pumzi moja nilidhani jirani ametuma picha yake mwenyewe. Mashavu yameingia ndani. Jino la mbele halipo. Nywele za mbele zimerudi nyuma, na shingo imekuwa ya mama. Amevaa nguo nyeusi, ametazama kamera kama anayeitwa na polisi. Mimi nimenenepa. Mimi nina meno yangu yote.

Nimeiweka kwenye programu. Programu hulinganisha picha mpya na ya zamani, mtu asije akaingizwa badala ya mwingine. Imefikiri kidogo. Imekataa. Si mtu yule yule.

Juzi tulikuwa mtu mmoja. Leo hatujuani.

Nimejiambia mashine za kule hazizijui sura zetu. Nimesoma hayo, zimefundishwa kwa nyuso za kwao, sisi wengine zinatuchanganya. Ni kweli kabisa. Nimeishikilia hiyo kweli jioni nzima.

Jumapili, 17 Agosti

Sijaandika kitu. Picha yake iko kwenye simu yangu. Naitazama kwa vipande. Leo macho. Kesho labda mdomo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimebonyeza.

Chagua kumbukumbu ya kubaki. Nimechagua yake. Kadi yake iko hai, ombi lake la safari limepita, jina lake limo kwenye orodha ya abiria ya Alhamisi. Mimi nimeingizwa ndani yake. Butoyi Hamisi sasa ni jina la kubembelezea.

Sikufikiria jambo moja. Ruhusa yangu ya kuingia kwenye programu ilifungwa kwenye uanachama wangu. Baada ya dakika kama tatu ikanitoa nje. Ikaniomba radhi kwa maneno yangu mwenyewe. Nilipoyatafsiri niliyaona ya heshima. Ukiambiwa wewe, yana dharau kidogo. "Pole sana" ingetosha.

Mwenyekiti amenikuta nimekaa mbele ya kioo chenye kisanduku cha nywila. "Umeme?" Nikamwambia umeme. Ulikuwepo.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefua mashuka. Nimefagia chini ya kitanda, mahali ambapo hakuna mgeni anayeinama. Mama amekata kucha. Ameuliza mara sita ni leo au kesho. Nimejibu mara sita, na mara ya sita nilikuwa najijibu mwenyewe.

Anaondoka Kalemie jioni hii. Simu yake imezimwa. Sina namna ya kujua kama wamempandisha. Nimezoea kujua. Nilikuwa nafungua orodha na kuona.

Alhamisi, 21 Agosti

Boti limeonekana saa tatu asubuhi, limetoka ndani ya moshi likiwa karibu kabisa. Nilikuwa gatini tangu saa kumi na mbili.

Mkaguzi wa umoja ni binti mgeni, Mwanaidi, kaja mwezi wa tano kutoka Kidahwe. Si wa kutujua. Ana meza, ana simu ya kusomea kadi. Abiria wanapita mmoja mmoja. Mizigo ya vitenge, ndoo, mbuzi mmoja mwenye kinyongo.

Kisha mwanamke mwembamba mwenye mfuko mmoja. Amepita mbele yangu hatua mbili akasimama. Akageuka. Hatukukumbatiana, Mwanaidi alikuwa ameshanyoosha mkono.

Akasoma kadi. Akamtazama. Akasoma tena.

"Mama, shikamoo. Hii kadi umeitoa wapi?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Huyu aliye hapa si wewe." Akazungusha macho, yakanifikia mimi. Akaiinua kadi usawa wa uso wangu. "Huyu hapa ni huyu mama."

"Ndiyo, ni mimi," nikasema.

"Na jina?"

"Jina ni langu," Bukuru akasema. "Sura ndiyo yake."

Watu nyuma wakaanza. "Wamegawana kadi kama mkate!" "Kata katikati, mwanangu, kila mmoja achukue chake!" Mwanaidi hakutabasamu. Nilimheshimu kwa hilo.

"Sisi ni mapacha," nikamwambia.

Akatutazama vizuri. Kwanza mmoja, kisha mwingine, pole pole, mtoto wa watu, kwa nia njema kabisa. Akitafuta.

"Samahani mama zangu," akasema. "Sioni."

Macho yake hayakufundishwa nchi ya baridi. Ni wa Kidahwe. Amekula muhogo ule ule.

Akampigia mwenyekiti. Alikuja na ndala. Yeye ni wa mtaa wetu, alipigana nasi utotoni, akapigwa. Akamwambia Mwanaidi, "Hawa ni watoto wa Mama Bukuru. Waandikie karatasi ya muda." Kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Umeme, eh?" Nimemweleza yote palepale. Sikuacha kitu, hata mtandio.

Karatasi ni ya siku kumi na nne. Kesho kutwa Bukuru apigwe picha yake, aandikishwe upya. Mimi nisiguse kompyuta mpaka kikao kikae. Na jambo la kumwandikia Tomas ataliandika mwenyekiti mwenyewe, kwa Kiingereza chake, Mungu amsaidie Tomas.

Tumepanda bodaboda mbili. Njiani nilimwona mbele yangu mgongo tu. Mgongo niliutambua.

Ijumaa, 22 Agosti

Bukuru amelala mpaka saa nne. Anakoroma sasa. Alipoamka alikaa kwenye kochi, upande wa ukutani, akalalamika kwamba limebonyea upande wangu tu.

Tumechambua mchele. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake anapoinama. Nilimshika akinitazama mikono. Alinishika nikimtazama pengo la jino. Akafunga mdomo, kisha akaufungua makusudi. Hapo ndipo tulipocheka.

Mama ametoka kukaa nasi barazani. Amefurahi kwa njia yake, analalamikia kila kitu. Zamani akimtaka mmoja wetu alikuwa anayaita majina yote mawili kwa pamoja, moja juu ya jingine, ajaye na aje. Hata mchana kweupe hakuwa na hakika. Alitupiga kwa makosa yasiyo yetu akatuomba radhi kwa zamu.

Leo hakuchanganya hata mara moja. Macho ni yale yale, na sasa ni mabovu. "Bukuru, mbona huli." "Butoyi, funga geti, mbuzi wa watu wanaingia." Kila jina likaenda kwa mwenyewe.

Baada ya swala akaita, "Bukuru, nipe maji."

Nilikuwa nimeshasimama. Nikakaa.